Kitabu Kilichomwamuru Baba

Jumapili, 14 Februari 1993

Leo Baba amemfukuza Arnaud nyumbani. Naandika kwa sababu ndani ya nyumba hii hakuna anayethubutu kulitaja jambo hilo kwa sauti.

Ilikuwa baada ya ibada. Tulikuwa mezani, Mama anapakua maharage na ndizi. Arnaud akasema, kwa utulivu kama mtu anayeomba chumvi, kwamba Ijumaa alitamka shahada katika msikiti wa Biryogo, na kwamba jina lake sasa ni Haruna.

Baba hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliweka kijiko chini.

"Mwenye jina hilo simfahamu," alisema. "Na nisiyemfahamu hali mezani kwangu."

Arnaud alimtazama Mama, akanitazama mimi. Kisha akachukua koti lake, akashuka mteremko wa kilima chetu cha Gisozi na mvua ikimnyeshea. Hakugeuka. Ana miaka ishirini.

Baba yangu, Évode Kubwimana, ni seremala siku za kazi na mhubiri siku ya Bwana. Tulikimbia Burundi mwaka 1972 tukaingia nchi hii jirani, mimi nikiwa mgongoni mwa Mama, na hadi leo nyumbani tunaongea Kiswahili cha Buyenzi, mtaa tulikotoka. Biblia yetu pia ni ya Kiswahili. Macho ya Baba yameharibika, hawezi tena kuona herufi, kwa hiyo mimi ndiye msomaji wake. Akihubiri anataja sura na mstari, nami nasimama kando yake nasoma. Mji mzima unamjua kwa mihadhara: Waislamu wakiweka kipaza sauti uwanjani na kuuliza Biblia ina mamlaka gani, Baba ndiye anayeitwa kujibu. Sijawahi kumwona ameshindwa.

Na mimi msomaji wake sijabatizwa. Kanisani kwetu hubatizwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe. Kila Pasaka mchungaji ananiuliza, na kila Pasaka namjibu, "Bado."

Jumanne, 16 Februari

Mvua. Kiti cha Arnaud kiko palepale. Mama akifagia anakizunguka.

Ijumaa, 19 Februari

Dirisha la ofisi ninapopiga taipu, hapa Kacyiru, linatazama milima ya kaskazini. Tangu vita vianze upya watu wanateremka kutoka huko kila siku, magodoro kichwani, watoto mgongoni, sufuria zikigongana. Wengine wametandaza maturubai njia ya Kinyinya. Ofisini watu wanaongea kwa sauti ya chini na kutazamana kwanza kabla ya kuongea.

Jioni walikuja wajumbe wa Waislamu kutoka Biryogo. Ustadhi mmoja msomi anakuja kutoka Kigoma kufanya mihadhara, wanamwomba Mzee Évode awe upande wa pili. Baba alikubali kabla hawajamaliza kusema. Jina la Arnaud halikutajwa, ingawa wote walijua analala kwao.

Jumatano, 24 Februari

Waislamu wameanza mfungo jana. Leo Wakatoliki wa ofisini wamekuja na majivu kwenye paji la uso. Mji mzima una njaa kwa wakati mmoja. Mama naye hali. Nikimwuliza anasema hasikii njaa.

Jumamosi, 27 Februari

Nimekwenda Biryogo bila kumwambia Baba.

Arnaud anafanya kazi kwa fundi cherehani anayeitwa Sudi Niyonzima, ambaye babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani. Nilikuwa bado barazani nakung'uta matope miguuni, mke wake Kabagwira akaita ndani, "Haruna! Dada yako iko hapa!" Jina lile likanichoma.

Arnaud amekonda kwa mfungo, lakini uso wake umetulia kuliko nilivyouona kwa muda mrefu. Usiku analala dukani juu ya majora ya vitambaa. Tulikaa kati ya cherehani mbili.

"Kwa nini?" nilimwuliza.

"Dada, kwetu mimi nilikuwa mtoto wa mhubiri. Hapa nimekuwa mtu. Tukisimama kuswali bega kwa bega, hakuna anayeniuliza nimetoka wapi wala niko upande gani. Wewe unajua siku hizi mji huu unauliza nini."

Najua.

"Na kitabu?" nikasema. "Umekiamini kweli, au umeamini mabega?"

Alitabasamu kidogo. "Nimekiamini. Kiliteremshwa, dada. Mkono wa mtu haukuongeza kitu. Chenu kimejaa watu. Huyu analalamika, yule anaomba aletewe joho lake. Hayo ni maneno ya Mungu?"

Nimesoma Biblia kwa sauti miaka yote hii mbele ya mamia ya watu, na sikuwa na jibu langu mwenyewe hata moja. Yote yalikuwa ya Baba.

Nyumba ya jirani mtoto alikuwa anasoma Kurani kwa moyo, sauti inapanda na kushuka, haikosei. Nilisikiliza hadi nywele zikanisimama. Sitaficha hilo humu.

Mzee Sudi alinisindikiza hadi barabarani. "Binti yangu," alisema, "mwambie mama yako mtoto anakula. Mwambie hivyo tu."

Nilimwambia Mama jikoni. Aliinua kanga akafunika uso wake wote.

Jumapili, 28 Februari

Tumeshinda!

Uwanja ulijaa, Waislamu upande mmoja, sisi upande mwingine, na nafasi ya wazi katikati yenye matope. Ustadhi wa Kigoma ni kijana mwenye sauti nzuri na adabu. Alianza kwa kuuliza Injili nne ni za nini. Je, Mungu alishindwa kusema mara moja akaeleweka?

Baba alisimama, mkono wake begani kwangu.

"Ustadhi, ukipeleka mashahidi wanne mahakamani, wote waseme sawasawa neno kwa neno, hakimu atawafukuza. Atasema wamefundishwa. Wangu hawakufundishwa. Huyu anasema kulikuwa bado giza, yule anasema jua lilikuwa limechomoza. Huyu anataja wanawake hawa, yule wale. Lakini waulize wote wanne kama kaburi lilikuwa na mtu."

Watu wetu walipiga vigelegele. Ustadhi akasubiri watulie.

"Sawa, Mzee. Lakini Kurani haijabadilika herufi. Wewe mkononi una tafsiri ya tafsiri. Maneno yenyewe aliyosema Isa huna."

"Ninayo kwa lugha ambayo mama yangu alinibembelezea," Baba akajibu. "Wewe Mungu wako unamfuata hadi kwenye lugha yake. Wangu amenifuata hadi Buyenzi. Hakuona haya kusema Kiswahili."

Hata Waislamu walicheka. Ulikuwa ushindi mtupu. Watu wetu walimwinua Baba mabegani, tukapanda Gisozi tukiimba. Nilikuwa nimelewa furaha.

Nimesahau kuandika: Arnaud alikuwa kule nyuma, amesimama kwenye mvua. Baba hakumwona. Mimi nilimwona.

Mama alikuwa jikoni anapepeta mchele.

"Mmeshinda?" akauliza.

"Tumeshinda, Mama! Ustadhi alibaki hana neno!"

"Vizuri," alisema. "Basi Arnaud anakuja lini?"

Jumatano, 3 Machi

Mvua usiku na mchana. Ukuta wa karakana ya Baba umelowa hadi dirishani. Anatengeneza milango tu.

Jumamosi, 6 Machi

Nimeamua kusoma mwenyewe. Si mistari ya Baba ya kushindia, bali kitabu, kama mtu anavyosoma barua aliyoandikiwa yeye.

Maneno ya Arnaud hayanitoki: chenu kimejaa watu. Ni kweli, kimejaa watu. Na kadiri ninavyosoma naona kitu ambacho sikuwahi kukiona nilipokuwa nasoma kwa sauti. Kitabu hiki hakimfichi mtu wake. Daudi ni mfalme, waliokiandika walikuwa watu wa mfalme, na bado kinamkamata na mke wa askari wake na kumwambia usoni kwamba mwovu anayemtafuta ni yeye mwenyewe. Petro ndiye mkubwa wa mitume wote, na kinatuambia alimkana Bwana mbele ya kijakazi. Nani aliyewaacha waandishi waandike hivyo? Kama watu walikaa wakatunga, kwa nini hawakujipendelea hata kidogo?

Ofisini napiga taipu ripoti za wakubwa. Ninajua ripoti inavyokuwa mkubwa akiwa na uwezo wa kuisahihisha. Hii haikusahihishwa na mkubwa yeyote.

Leo nilisoma hadi chakula kikaungua.

Jumanne, 9 Machi

Mama ameanguka kisimani. Alisema ameteleza. Hakuteleza, ni njaa. Nimemlazimisha kunywa uji.

Jumapili, 14 Machi

Sijui kama nimefanya vizuri au nimeharibu kila kitu.

Mhadhara wa pili ni Jumapili ijayo, na ustadhi ametangaza mada: nani aliyekipa kitabu cha Wakristo mamlaka? Leo baada ya ibada Baba aliketi karakanani kati ya maranda, akaniita nimsomee. Alitaka mahali pote panapoonyesha kwamba Andiko ni neno la Mungu. Nikasoma. Tulipofika Paulo anapomwambia Timotheo kwamba kila Andiko limetoka katika pumzi ya Mungu na lafaa kumwonya mtu na kumwongoza, Baba akapiga goti lake kwa furaha.

"Hapo! Kila Andiko! Hapo ndipo nitamfunga ustadhi."

Niliweka kidole kwenye ukurasa. "Kila Andiko, Baba?"

"Kila moja, mwanangu. Hakuna la kuacha."

"Hata yale usiyoyataja uwanjani?"

"Hata hayo. Mbona unauliza?"

Nilifunua nyuma kidogo, barua ya kwanza kwa huyohuyo Timotheo, mahali nilipokuwa nimefika Alhamisi nikashindwa kuendelea. Nikamsomea. Paulo anasema kwamba mtu asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, huyo ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilidhani hakusikia.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Imeandikwa hivyo? Mbaya kuliko?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha nisiongeze neno wala nisipunguze."

Uso wake ulibadilika. Niliogopa. Nimewahi kuona Baba amekasirika, lakini hii haikuwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotegemea.

"Nani amekutuma?" aliuliza. "Mama yako? Yeye kule Biryogo?"

"Hakuna aliyenituma. Nimesoma mwenyewe. Baba, yeye aliacha imani akaondoka nayo wazi mbele yetu. Kitabu kinasema wewe umeikana ukiwa umekaa mezani."

Alinyoosha mkono akachukua Biblia kutoka mikononi mwangu. Hawezi kuisoma. Aliishika tu, akaifunga, akatoka nayo mvuani akiwa ameifunika kwa shati.

Amerudi jioni, amelowa.

Jumatatu, 15 Machi

Hakunisalimu.

Jumatano, 17 Machi

Leo alfajiri Baba aliniuliza mlangoni, "Hakuna mstari mwingine unaoupunguza ule makali?" Nikamwambia nimetafuta, sijaona. Akaenda kazini.

Ijumaa, 19 Machi

Mchungaji alikuja kumtia moyo kwa ajili ya Jumapili. Baba alimwuliza kama mtoto aliyeacha imani bado ni wa nyumbani mwa mtu. Mchungaji akasema ni suala gumu, wataalamu wanatofautiana. Baba akamwambia, "Mchungaji, mimi nimewajibu wataalamu miaka yote. Hili halijanipa nafasi ya kujibu."

Mama alikuwa mlangoni anasikiliza. Baadaye nilimwona anakula kipande cha kiazi.

Jumapili, 21 Machi

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Mvua ilikatika saa nane na jua likatoka kali. Uwanja ulikuwa umejaa kuliko mara ya kwanza. Mama alikuja pia, hajawahi kuja. Alifunga kitambaa cheupe kichwani akasimama mbele kabisa.

Ustadhi alisema vizuri sana. Kurani, alisema, inajitaja yenyewe: inasema imeteremshwa, imelindwa, na inampa changamoto yeyote alete sura moja mfano wake. Wengine nao wana vitabu vyao vya kale, kule India na kwingine, kila kimoja kikidai heshima. Lakini Biblia ilikusanywa na watu, waliokaa wakachagua hiki na kuacha kile. "Kwa hiyo, Mzee Évode, tuache mistari leo. Niambie kitu kimoja. Kitabu chako kinamwamuru nani?"

Baba alisimama. Watu wetu walianza kushangilia kama kawaida, akainua mkono wakanyamaza.

"Alida," alisema, "wasomee ule wa karakanani."

Nikausoma mbele ya uwanja mzima. Watu hawakujua ulikuwa unamhusu nani, isipokuwa wachache.

"Ustadhi," Baba akasema, "nilikuwa na majibu mengi ya swali lako. Ningekuambia habari za mashahidi, na manabii, na watu waliokufa badala ya kukana walichoona kwa macho yao. Majibu hayo bado ninayo na ni ya kweli. Lakini Jumapili iliyopita kitabu hiki kiliniita jina. Kilisema mimi, mhubiri, ni mbaya kuliko wewe unayekikataa. Wiki nzima nimetafuta pa kukwepea. Kama kingekuwa cha kutungwa na watu kama mimi, mstari huo usingekuwamo. Ningeutoa mimi mwenyewe! Nimeshindwa kuutoa. Nimeshindwa na ukurasa ambao siwezi hata kuuona. Unaniuliza kinamwamuru nani? Tazama basi."

Akaondoa mkono wake begani kwangu. Akaanza kutembea peke yake, katika ile nafasi ya matope kati ya pande mbili, mikono imetangulia kidogo mbele kama afanyavyo asipoona vizuri. Alifika upande wa Waislamu, wakampisha.

"Arnaud," aliita.

Nilimwona ndugu yangu, hatua chache tu kutoka hapo, amekaza taya. Hakuitika.

Baba alisimama. Kisha akavua kofia.

"Haruna," aliita. "Haruna, mwanangu."

Arnaud alitoka kati ya watu kama aliyesukumwa.

"Naam, Baba."

"Njoo nyumbani. Njoo na jina lako, njoo na mkeka wako. Mama yako hali tangu ulipoondoka. Nilikukosea, na kitabu changu kimenihukumu mbele yako. Nisamehe."

"Baba, sijarudi kwenye imani."

"Nasikia. Nitakuombea urudi hadi nife, usinizuie. Lakini kuja nyumbani hakuna sharti. Sikuambiwa niweke sharti."

Wakakumbatiana. Mama alikuwa ameshakimbia, ameacha kiatu kimoja kwenye matope. Upande wetu mtu akaanzisha wimbo, upande wao mtu akapaza takbira, na kwa muda sauti zote mbili zilipanda pamoja juu ya uwanja ule, na hakuna aliyejaribu kuizima ya mwenzake. Mzee Sudi alikuwa analia wazi, anafuta macho kwa futi yake ya kupimia nguo.

Ustadhi alishika kipaza sauti. "Leo sina swali lingine kwa Mzee," alisema. "Mungu ampe kheri."

Nimemsikia Baba akishinda mara nyingi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona kitabu kikishinda.

Arnaud amelala kitandani kwake. Mama anapitapita mlangoni kila dakika kuhakikisha.

Alhamisi, 25 Machi

Idi. Mzee Sudi alitualika sote. Baba alikula pilau mpaka Kabagwira akacheka, kisha wakaanza kubishana na Mzee Sudi habari za Ismaili na Isaka, kwa sauti kubwa, kwa furaha.

"Lakini Mzee," Sudi akasema, "kitabu changu nacho kingekuamuru umhurumie mwanao."

"Sikatai," Baba akajibu. "Ila mimi nilikuwa kiziwi kwa kila sauti, Bwana Sudi. Hii ndiyo iliyonifikia."

Arnaud ameniuliza anaweza kuazima Biblia yangu. Anataka kusoma barua zile za Timotheo, anasema, "nione huyo mtu wa joho alikuwa nani." Nikamwambia alikuwa mfungwa anayeogopa baridi ya gerezani, na Mungu hakumkataza kuomba nguo. Sikusema zaidi. Nimempa.

Jumatatu, 29 Machi

Nimekwenda kwa mchungaji kabla hajaniuliza. Nimemwambia, "Mwaka huu ni ndiyo."

Jumanne, 6 Aprili

Ofisini redio inasema juu ya mazungumzo ya amani. Watu wa kaskazini bado wako kwenye maturubai. Mama na Kabagwira wamewapelekea viazi pamoja. Mvua.

Jumapili, 11 Aprili, Pasaka

Nimebatizwa!

Tulishuka asubuhi hadi mtoni, karibu na Nyabugogo, mahali maji yanapotulia kwenye kona. Mto umejaa mvua za msimu mzima, maji mekundu, mazito. Mama alisema tungoje mwakani. Nilicheka nikamwambia nimengoja vya kutosha.

Arnaud alikuja. Amevaa kofia yake ya swala, amebeba nguo zangu kavu kifuani ili zisilowe. Waumini wengine walimtazama vibaya. Baba akamshika mkono akasimama naye mbele ya wote, ukingoni kabisa.

Mchungaji aliniuliza ndani ya maji, "Unaamini kwa sababu gani, binti?"

Siku zote nilidhani nikifika hapo nitatoa hoja, mashahidi wanne, kaburi tupu. Hoja hizo ninazo na nazipenda. Lakini nilichosema ni hiki: "Kwa sababu nimeona neno lake likimwinua baba yangu alipokuwa amekaa."

Akanizamisha. Baridi, giza, sauti ya mto masikioni. Kisha mwanga, na mimi napiga kelele ambazo sikujua ninazo. Mama anapiga vigelegele. Baba anaimba, macho yake yamefumbwa, anaimba juu kuliko wote, na kando yake ndugu yangu Mwislamu amekunjua kanga, ananicheka na kunifunika mabega.

"Umelowa kama samaki, dada," alisema.

Tulipanda hadi barabarani tukiimba, tumelowa sote, kwa sababu niliwakumbatia wote. Kwenye kituo cha magari ya abiria watu walikuwa wengi, wengine na mizigo ya safari, na askari wamesimama na bunduki zao. Walitugeukia. Basi moja lilipunguza mwendo, abiria wakafungua madirisha watutazame ni wendawazimu gani hawa asubuhi yote hii.

Tukaongeza sauti.